Kamba Niliyoifupisha

Mimi mdomo ninao. Nimefundisha darasa la tatu pale Katandala, Sumbawanga mjini, kwa miaka mingi, watoto tisini ndani ya chumba kimoja, na sauti yangu inasikika mpaka barabarani. Mzazi akija shuleni kunifokea, anaondoka yeye kanyamaza. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani yaliyotokea yalitokea kwa sababu ya upole wangu. Upole sina. Nilikuwa na baba mkwe.

Yeye aliishi shambani, upande wa Msanzi, na mama mkwe alikuwa ameshatutangulia. Alikuwa mtu wa maksai. Kijijini kwao ukitaka ng'ombe wako afundishwe nira unampelekea yeye, na ukitaka kuona mstari ulionyooka unaenda kusimama kwenye kona ya shamba lake ukaangalie. Mahindi, ulezi, maharage, vyote alivilimia kwa plau moja, mishikio yake imelainika kwa viganja vyake. Mume wangu, mwanawe, analima pia, lakini mistari yake inakwenda kama mtu anayetoka kilabuni. Baba hakuwahi kumsema kwa hilo. Alikuwa anacheka kidogo puani, basi.

Mwaka ule, mwishoni mwa Novemba, alikuwa anasomba samadi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Gurudumu likapanda kisiki, mkokoteni ukalala ubavu, naye akawa chini yake. Bega la kulia likachomoka. Paja la kushoto likavunjika katikati. Walimleta mjini kwenye gari la kubebea viazi, kalazwa juu ya godoro, mguu umefungwa kwa mpini wa jembe na kanga mbili. Nilipofika hospitali nilimkuta uso umepauka, jasho linamtoka katika baridi ile ya kwetu. Nikamwambia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Ndivyo alivyoniita tangu siku niliyoolewa.

Bega walilirudisha siku hiyo hiyo, mkono ukafungwa kifuani, na daktari akakataza asiutumie kujivutia kitu chochote kwa wiki nyingi. Paja ndilo lilikuwa shughuli. Daktari alikuwa mtu wa kueleza, namshukuru kwa hilo. Alitushikia picha ya eksirei dirishani akatuonyesha. Mfupa wa paja, alisema, ni mrefu na mnene kuliko yote mwilini, na misuli inayouzunguka ina nguvu ya kumbeba mtu na mzigo wake. Mfupa ukikatika, misuli haijui kwamba kuna kilichokatika. Inaendelea kuvuta tu, kwa hiyo vile vipande viwili vinapishana, na mguu unakuwa mfupi. Kazi ni kuishinda misuli hiyo kwa mvuto wa polepole usioachia, usiku na mchana, mpaka vipande vikutane ncha kwa ncha na mfupa mpya uote hapo katikati.

Njia zilikuwa mbili. Kwenda Mbeya kuwekewa chuma ndani ya mfupa, au kulala papo hapo wiki nane au zaidi mguu ukivutwa kwa uzito. Baba akasema chuma hataki kusikia.

"Nirudishieni mguu wa kwenda nyuma ya plau," alimwambia daktari. "Mengine siombi."

Daktari akamjibu kwamba mguu huo atarudishiwa, ila kwa njia ya uzito kazi kubwa anayo anayemuuguza. Kisha akatugeukia kuuliza nani atakaa naye. Mvua ilikuwa imeshaanza. Mume wangu ndiye aliyebaki na maksai, na kwetu shamba lisipolimwa Desemba umelikosa. Wifi yangu alikuwa amejifungua wiki ile ile kule mwambao wa ziwa. Shule ndiyo zilikuwa zinafungwa. Basi wote wakaniangalia mimi.

Hapa inabidi nieleze kuhusu ukwe, maana siku hizi kuna vijana mjini wanakula sahani moja na wakwe zao, na siwalaumu. Mimi nilikolelewa, baba mkwe humgusi. Hukalii kiti alichokalia, hupiti mbele yake, na kikombe humpi mkononi, unakiweka kwenye kigoda unapiga goti unaondoka. Miaka kumi na moja ya ndoa, ngozi yangu ilikuwa haijawahi kukutana na yake. Naye alinirudishia heshima hiyo hiyo. Nikipita uani na ndoo ya maji, anageukia zizini kana kwamba ng'ombe wamemwita. Mtu wa nje angeona ni ubaridi. Mimi nilijua ananipenda, nami nilimpenda, na hatukuwa na namna nyingine ya kuonyeshana.

Mume wangu alijua. Usiku wa kuondoka kwake kwenda shamba aliniuliza, "Utaweza?" Nikamwambia nitaweza, wao wakalime.

Walimpitishia pini ya chuma chini kidogo ya goti, upande hadi upande. Kwenye pini wakafunga kamba, kamba ikapita juu ya kapi lililofungwa mwisho wa kitanda, na huko ikaning'iniza dumu la lita tano lililojaa mchanga. Miguu ya kitanda upande wa chini ikainuliwa kwa matofali, ili mwili wake wenyewe uwe unavuta kwenda juu wakati dumu linavuta kwenda chini. Nesi wa zamu akanipa masharti akiwa amesimama, kalamu sikioni. Dumu lisiguse sakafu. Wayo wa mgonjwa usiguse chuma cha mwisho wa kitanda. Mgonjwa akiteleza, na atateleza maana godoro lina mpira, avutwe juu mara moja.

"Vikigusa tu," alisema, "jua hakuna kinachovutwa. Itakuwa ni pambo."

Wiki mbili na nusu za mwanzo sikupata shida. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo kijana mmoja kutoka ziwani, anamuuguza kaka yake aliyeanguka bodaboda akavunjika mguu. Mtu wa mzaha, anatuletea migebuka mikavu, samaki wa ziwa lao, anamwita baba "mzee wa dumu". Asubuhi na jioni aliingia nyuma ya kichwa cha kitanda, akamshika baba kwapani na kumvuta juu, moja mbili tatu. Ndiye aliyemsaidia pia kwa chombo cha kujisaidia, na kumgeuza apate kusuguliwa mgongo asipate vidonda. Mimi nilipika, nilifua, nilileta uji wa ulezi kwenye chupa, nikauweka juu ya kabati dogo na kusogea pembeni. Tulikuwa tumejipanga vizuri. Eksirei ya wiki ya pili ilionyesha vipande vinatazamana, daktari akafurahi, baba akaniambia mwambie mwanangu mstari wa kwanza asiuharakishe.

Kisha yule kaka mtu akafungwa plasta, wakaruhusiwa, wakaondoka. Kitanda kile kikakaa wazi.

Siku ya kwanza baada ya wao kuondoka, saa nne asubuhi, nikaona dumu limeshuka karibu na sakafu. Saa sita lilikuwa limekaa chini kabisa, kamba imelegea. Nikatoka kumtafuta nesi. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa, ilikuwa karibu na Krismasi, na kila mvua ikinyesha pikipiki zinaanguka. Nesi alikuwa mmoja, yule wa kalamu sikioni, na mhudumu wa wodi mmoja. Nikamwambia mgonjwa wangu ameteleza. Akaniuliza mimi nina mikono mingapi. Nikamwambia taratibu, kwa sauti ya chini, kwamba yule ni baba mkwe wangu.

Akaja mpaka katikati ya wodi akasimama. "Mama, hapa hakuna mkwe, hapa kuna mgonjwa! Mshike kwapani, mvute. Wewe ni mwanamke mzima, unasubiri nini?"

Wodi nzima ilisikia. Kuna mtu alicheka kule mwisho. Baba alikuwa amefumba macho, na najua hakuwa amelala. Nesi akamvuta yeye mwenyewe kwa hasira, akaondoka zake. Leo nikikumbuka naona alikuwa na haki kwa kila neno. Siku ile nilimchukia. Mimi, ninayenyamazisha watu, nilitamani ardhi ipasuke. Nikaapa moyoni kwamba simwiti tena.

Na kwa kweli sikumwita tena. Hilo ni kosa la kiburi, wala si la mila. Naomba visichanganywe.

Kesho yake dumu likashuka tena. Nilikwenda nyuma ya kichwa cha kitanda. Nilisimama pale. Nikaona utosi wake, nywele nyeupe zimeanza kukatika kwa kulalia mto, na shingo yake. Nikanyoosha mikono. Mabega yake yakakaza. Sijui namna nyingine ya kulisema: yalikaza kama ya mtu anayesubiri kupigwa. Nikairudisha mikono yangu, nikazunguka kwenda mwisho wa kitanda.

Kamba ilikuwa na urefu wa kutosha. Nikainua dumu kwa goti, nikafungua fundo, nikaivuta kamba na kufunga upya juu zaidi. Nilipoliachia, dumu likaning'inia vizuri, shibiri mbili kutoka sakafuni, linazunguka kidogo. Mtu yeyote akipita angeona liko hewani. Nilichofanya na wayo ni hiki: nilichukua blanketi zito nililoleta nyumbani, nikamfunika kuanzia kiunoni mpaka mwisho wa kitanda, chuma na wayo vikawa chini yake. Baridi ya Sumbawanga ilinipa sababu.

Nilipoinua uso alikuwa ananitazama. Alikuwa ameona kila kitu. Akageukia ukutani, akasema, "Asante, mwalimu."

Asante ile ndiyo iliyoniponza. Kama angeniuliza ninafanya nini, ningeshtuka.

Kwa hiyo wayo wake ulikuwa umegota kwenye chuma, na dumu lilikuwa linavuta chuma cha kitanda. Nesi aliyesafisha vidonda vya pini alifunua pembeni tu, penye goti, akasafisha, akafunika; mhudumu wa wodi alimpa chombo mbio mbio na kuondoka, hakufika miguuni. Daktari alipopita aliangalia dumu, akauliza maumivu vipi, na baba akajibu hakuna. Ilikuwa kweli. Misuli ilikuwa imepata ilichokuwa inakitaka.

Kila Jumapili mume wangu alikuja baada ya misa, matope ya shamba bado kwenye viatu. Jumapili ndiyo siku iliyonitia hatiani kuliko zote. Asubuhi kabla hajafika, nililegeza lile fundo nikairudisha kamba urefu wake wa kwanza, dumu likakaa chini. Akifika namwambia baba ameteleza kidogo, mvute. Anamvuta, dumu linapanda, kila kitu kinakuwa kama daktari alivyotaka. Tunazungumza habari za mvua na mahindi. Ananiuliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia, nami namwambia huku hakuna shida, wewe lima. Kufikia Jumanne baba ameshateleza, nami nakaza fundo. Mtu asiyejua kosa hafichi. Mimi nilificha Jumapili nne.

Wiki ya saba, shule zimefunguliwa nami nimeomba ruhusa, wakampiga picha nyingine. Daktari aliishika dirishani kama siku ya kwanza, na safari hii hakueleza. Akaomba futi ya fundi cherehani, akapima kutoka kwenye mfupa wa nyonga mpaka kwenye kifundo cha mguu, kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Vipande vilikuwa vimepishana na mfupa mpya ulikuwa umeshaota kuvishika hivyo hivyo vilivyo. Mguu wa kushoto ulikuwa umepungua vidole vitatu vya mtu mzima.

Akafunua blanketi. Akaangalia wayo, akaona alama ya chuma kwenye ngozi yake. Akaenda kwenye kamba, akaona mahali palipolainika kwa kufungwa na kufunguliwa.

"Nani amekuwa akilishika fundo hili?"

Mume wangu alikuwapo, amesimama karibu yangu. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi," baba akasema kutoka kitandani. "Kamba ilikuwa inanivuta sana. Nilimwomba mtu anipunguzie, mtu wa kupita tu."

Daktari akamwambia mzee umejiharibia mwenyewe. Baba akasema ndiyo, nimejiharibia. Daktari akaeleza kwamba bado inawezekana, Mbeya, mfupa uvunjwe upya, uvutwe, utiwe chuma. Baba akatikisa kichwa. Alisema amevunjika mara moja na inamtosha. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mdomo wangu mkubwa, na nikaufunga.

Mume wangu hakuamini habari ya mtu wa kupita. Aliamua ni manesi. Msimu mzima, kila aliyekuja kumpa pole baba aliambiwa hospitali ndiyo iliyomlemaza, na yule nesi wa kalamu sikioni akatajwa kwa sura na kwa tabia mbele yangu mara zisizo na idadi, huku natenga chai. Siku moja nilikutana naye Kizwite sokoni. Aliniuliza, "Mzee anaendeleaje?" Nikamjibu anaendelea vizuri. Nilitoka pale nikasahau hata nilichofuata.

Baba alitembea. Kwa magongo mawili kwanza, halafu kwa fimbo. Fundi viatu alimwongezea soli tatu za tairi kwenye kandambili ya kushoto, na barabarani mtu asiyemjua angeona ni mzee anayechechemea tu, wazee wangapi wanachechemea. Lakini yeye hakuwa ameomba mguu wa barabarani. Mwaka mzima hakuligusa plau. Alilipaka grisi, akalifunika na gunia, akangoja mvua.

Desemba iliyofuata tulikwenda Msanzi, shule zimefungwa. Mvua tatu zilikuwa zimenyesha, udongo umelainika. Asubuhi mume wangu akafunga nira, na baba akamwambia sogea. Mume wangu akasogea. Mimi nilikuwa nimeleta mbegu, nikasimama pembeni ya shamba, hatua chache kutoka kwao.

Aliiegemeza fimbo kwenye kichuguu akashika mishikio. Maksai walimjua; aliwaita kwa sauti ndogo nao wakaanza kwenda. Hatua kumi za mwanzo zilikuwa nzuri. Nilianza kuomba, kusema kweli. Kisha soli ile nene ikazama kwenye udongo uliofunguliwa, mguu ukachelewa, na mwili wake wote ukaegemea kushoto pamoja na plau. Mstari ukapinda. Akalirudisha plau. Ukapinda tena. Alifika kama robo ya shamba, akasimama, akageuka kuutazama mstari wake. Aliujua mstari mbaya kuliko mtu yeyote wilaya nzima.

"Chukua," akamwambia mwanawe. "Lima wewe."

Akaachia mishikio kabla hajashika kitu kingine, na akaanguka. Hakuanguka vibaya. Alikaa tu chini kwa kishindo, kwenye matuta ya udongo, miguu mbele.

Niliwakimbilia, na hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nilimwambia mume wangu yote, mbele ya baba yake, kwa haraka kama mtu anayetapika. Kamba, fundo, blanketi, Jumapili. Nikasema si nesi, ni mimi. Nikasema ningemvuta mara moja tu kwa siku leo hii angekuwa analima. Nikangoja. Nilitaka anipige maneno, nilitaka anitukane pale shambani, anirudishe kwetu ikibidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, na usoni mwake sikuona hasira hata chembe. Aliniuliza, kama anayeuliza jambo lililo wazi kwa kila mtu, "Sasa ungemshikaje baba?"

Kisha akamnyanyua mzee, akamkongoja mpaka kwenye kichuguu, mimi nyuma yao, akamkalisha, akampa fimbo, akarudi kwa maksai. Alianza kulima. Mistari yake, kama kawaida, ina kona.

Baba alikaa kidogo akimtazama. Halafu akataka kwenda nyumbani. Aliisimika fimbo, akajiinua, fimbo ikazama kwenye tope akarudi chini, safari hii upande wa kulia, mkono wake mbaya ukiwa chini yake. Akajaribu tena. Tulikuwa wawili tu pale. Mume wangu alikuwa amefika mwisho wa shamba na alikuwa anageuza ng'ombe, ametugeuzia mgongo. Baba hakuniita. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona akiparura udongo kwa vidole akitafuta pa kushika, na mimi nilisimama pale pale na kikapu changu cha mbegu, namsubiri mume wangu arudi.